Waambieni ndugu zenu walioko Arizona wasivuke korongo lenye maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua za wasomaji. Mimi ni mzaliwa wa Kondoa, mkoani Dodoma, na kwa sasa naishi Tucson, jimbo la Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani. Kazi yangu ni udereva. Nawachukua wagonjwa wa figo majumbani kwao, nawapeleka kusafishwa damu, nawarudisha. Naandika kwa ajili ya wasomaji wenu wenye watoto, wadogo au shemeji zao huku. Tuko wengi. Hapa Tucson na kule Phoenix kuna Watanzania na Wakenya, na kuna ndugu zetu wa Kongo na Burundi ambao wengi wao walikaa miaka kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani. Kiswahili utakisikia kanisani, msikitini, dukani na kwenye foleni ya kliniki.

Ikifika Juni, simu za kutoka nyumbani zinauliza jambo moja tu: joto. Ni haki yao, maana ndilo magazeti yanaloliandika. Mwaka 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo, kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, bila siku hata moja ambayo kipimo hakikufika nyuzi 43. Mwaka huo, katika wilaya ya Maricopa peke yake, vifo 645 vilihusishwa na joto. Habari hizo zilifika mpaka Kondoa; mjomba alinipigia usiku kuniuliza kama niko hai.

Lakini hakuna aliyewahi kunipigia kuniuliza kuhusu mvua. Watu wanajua naishi jangwani, wanadhani mvua hainihusu. Naomba niwaeleze wasomaji wenu kwamba majira ya joto huku yana mvua, tena ya radi, na mvua hiyo inaweza kumuua mtu aliyesimama mahali pakavu, juani, ambaye hajaguswa hata na tone moja. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaelewa pepo za msimu. Kaskazi inavuma, halafu kusi inageuza kila kitu. Huku nako upepo hugeuka. Mwezi wa Juni ni mkavu kabisa, upepo wa juu unatoka magharibi, ngozi inapasuka. Kisha jua linachoma nyanda za juu na milima ya Mexico na ya huku, kanda ya mgandamizo mkubwa wa hewa inasogea kaskazini, na mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai upepo wa juu unaanza kutoka kusini na kusini-mashariki. Upepo wa chini nao unabeba unyevu wa Bahari ya Pasifiki na Ghuba ya California, unaupitisha majimbo ya Sinaloa na Sonora kule Mexico, unaufikisha kwetu. Watu wa hali ya hewa wameweka tarehe ili wananchi wajiandae: msimu unahesabiwa kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30. Mawingu yenyewe hayafuati kalenda.

Siku za msimu zinafanana. Asubuhi anga ni safi. Kufika saa sita mchana, juu ya milima ya Santa Catalina, kaskazini mwa jiji, vinaonekana vifundo vyeupe. Miamba imepata moto, hewa inapanda, wingu linakua kwenda juu. Saa tisa limekuwa jeusi chini. Jioni linapasuka. Tucson hupata kama milimita 270 za mvua kwa mwaka, na takriban nusu yake huja katika miezi hiyo michache, mara nyingi kwa vishindo vya dakika thelathini au arobaini mtaa huu, huku mtaa wa pili vumbi likibaki vilevile.

Na msimu hautabiriki mwaka hadi mwaka. Mwaka 2020 Tucson iliambulia milimita 41 tu za mvua msimu mzima. Mwaka uliofuata, Julai peke yake ilileta kama milimita 205, mwezi wenye mvua nyingi kuliko wote tangu jiji lianze kuweka kumbukumbu. Mtu aliyehamia huku mwaka 2020 angeapa kwamba mvua za Arizona ni maneno ya watu. Mwaka mmoja baadaye mitaa ilikuwa mito.

Sasa naomba msomaji anifuatilie hapa, maana ndipo penye hatari. Mvua ya radi ya jangwani haifanyi kazi yake chini ya wingu tu. Matone yanapoanguka kupitia hewa kavu, mengi hukauka kabla ya kufika ardhini. Kukauka huko kunaipoza hewa, hewa iliyopoa ni nzito, inaporomoka kwa nguvu, ikigonga ardhi inatawanyika pande zote. Upepo huo unaweza kusafiri makumi ya kilomita mbele ya mvua, na pengine mvua yenyewe isifike kabisa. Pale pepo mbili za namna hiyo zinapokutana, hewa inasukumwa juu na wingu jipya linazaliwa. Wakati mwingine mvua kubwa za Sonora zinasukuma hewa baridi yenye unyevu kupanda na Ghuba ya California, na kesho yake watu wa Yuma na Phoenix wanaamka na hewa nzito, na jioni wanapata radi. Mvua ya wenzao wa Mexico ndiyo iliyowapikia ya kwao.

Upepo huo ndio unaoinua vumbi. Julai 5, 2011 ukuta wa vumbi wenye kimo cha zaidi ya mita 1,500 na upana unaokaribia kilomita 160 uliifunika Phoenix, ukitokana na mvua za radi zilizoanzia upande wetu huu wa Tucson. Mimi sijakutana na mkubwa kiasi hicho, ila midogo nimeiona barabara kuu namba 10, kati ya Tucson na Phoenix, karibu na mlima Picacho, ambako Idara ya Barabara imefunga vifaa vya kunusa vumbi na vibao vya umeme vinavyoshusha mwendo. Unaona rangi ya udongo imesimama mbele, na kabla hujamaliza kushangaa hujui tena boneti ya gari lako ilipo. Madereva wa nyumbani tumezoea kuwasha taa za hatari na kujikongoja. Huku tumefundishwa kinyume chake, na nimeona ni kweli: toka kabisa nje ya lami, simama, zima taa zote, ondoa mguu kwenye breki ili taa za nyuma zisiwake. Anayekuja nyuma haoni barabara. Akiona taa zako atazifuata akidhani unatembea, na atakugonga.

Vumbi hilo lina jambo lingine ambalo mama zetu hawaambiwi. Ndani ya udongo wa huku kuna vimelea vya ukungu vinavyoleta ugonjwa wa mapafu, wenyeji wanauita homa ya bonde (Valley Fever), ambayo si ile Homa ya Bonde la Ufa ya nyumbani. Mtu anakohoa wiki nyingi, anachoka, anapata homa. Wazee wetu wakisikia kikohozi cha namna hiyo wanawaza kifua kikuu, wanajificha kwa aibu. Ugonjwa huu hauambukizwi mtu kwa mtu. Mwambieni daktari kwamba mmevuta vumbi la Arizona, aagize kipimo chake.

Upepo wa mvua ya mbali umewahi pia kuua kwa moto. Juni 28, 2013 radi iliwasha moto kwenye kilima karibu na kijiji cha Yarnell, kaskazini-magharibi mwa Phoenix. Siku mbili baadaye, alasiri, upepo uliotoka kwenye mvua za radi za jirani ukageuza moto ule na kuukimbiza. Wazima moto 19 wa kikosi kimoja waliteketea. Vijana wenye mafunzo na vifaa, waliokuwa wakiutazama moto ule tangu asubuhi.

Na baada ya moto yanakuja maji, kwa sababu mlima ulioungua haunywi mvua. Hili mtu wa Kondoa hahitaji kuelezwa mara mbili. Sisi tumekulia kwenye ardhi iliyokwanguliwa na mmomonyoko mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote itolewe kwenye eneo lililoharibika ili majani yarudi. Wazee waliuliza tutaishije bila ng'ombe, lakini walijua vizuri mlima mtupu unafanya nini mvua ikinyesha. Mto wetu ulikuwa wa mchanga. Kiangazi mama zetu walichimba humo, wakasubiri maji yajikusanye, wakateka kwa kata. Mvua zikikaribia, mzee yeyote aliyeona weusi juu ya milima ya Irangi alisimama ukingoni na kupiga kelele: tokeni mtoni! Hakuna aliyemuuliza mvua iko wapi. Walibeba ndoo na watoto, wakapanda.

Kijana aliyezaliwa mjini, au kambini, hajawahi kuisikia sauti ile. Anafika Tucson anaona makorongo yanakatiza jiji, makavu, yenye mchanga mweupe, watu wanakimbia mazoezi humo na mbwa wao. Sehemu nyingi hakuna daraja. Lami inashuka tu ndani ya korongo na kupanda ng'ambo. Rillito ni korongo. Pantano ni korongo. Hata mto Santa Cruz, wenye jina kubwa kwenye ramani, sehemu kubwa ya mwaka unaweza kuuvuka kwa kandambili.

Jioni moja ya Agosti nilikuwa na abiria wangu mmoja, mama mtu mzima wa Uvira, Kongo, tunatoka kliniki. Jua lilikuwa linawaka. Barabara ilikuwa kavu. Upande wa milimani kulikuwa na weusi, na nilishasikia redioni kwamba kunanyesha kule. Tulipofika mahali barabara inaposhuka korongoni, manispaa ilikuwa imeshaweka vizuizi vya mistari ya machungwa, nikazima injini tukangoja. Korongo lilikuwa halina kitu. Mama akaniuliza, baba, mbona tunakaa hapa? Nikamwambia, subiri kidogo, mama.

Kwanza tulisikia mawe. Yanagongana chini kwa chini, sauti inakuja kabla ya maji. Halafu likajitokeza pindoni povu lenye rangi ya chai ya maziwa, limebeba vijiti, makopo, tairi moja, kiti cha plastiki cheupe kikiwa kimesimama wima kana kwamba kuna mtu amekalia. Halikuja kwa kasi ya kutisha. Lilikuja kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Nyuma yake ndipo maji yalipozidi kimo, na lami ikapotea. Mama akashika rozari. Kufika hapo bado jua linatupiga usoni, na hakuna tone lililogusa kioo.

Ndipo likaja gari dogo, likapita pembeni ya kizuizi. Nilipiga honi. Nilishuka nikapunga mikono. Kijana aliniangalia, akaendelea. Gari lilifika katikati, likasita, likageuka ubavu polepole, likaanza kuteleza na mkondo mpaka likajibana kwenye gogo la mti. Akatoka dirishani akapanda juu ya paa. Wazima moto walifika na kamba wakamtoa, na aliponyamaza kulia tukagundua kwamba ni wetu, kijana wa Kikongo aliyekulia Kigoma, anawahi zamu ya usiku kiwandani. Kilichomuuma wakati ule ni gari, ambalo deni lake alikuwa hajamaliza, na sheria ya Arizona inayosema kwamba anayepita kizuizi cha mafuriko anaweza kudaiwa gharama za kuokolewa hadi dola 2,000. Mama wa Uvira alimfuta uso kwa kanga yake akamwambia, mwanangu, deni linalipwa na aliye hai.

Wengine hawakupata kamba. Agosti 12, 1997, watalii 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon, ufa mwembamba wa mwamba katika nchi ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili, karibu na mji wa Page. Mvua iliyowaua ilinyesha kilomita kadhaa mbali nao. Julai 15, 2017, watu 10 wa ukoo mmoja walikufa kwenye kijito karibu na Payson, walikokuwa wakiogelea na kusherehekea siku ya kuzaliwa. Mvua ilinyesha mbali nao, mlimani, mahali palipoungua mwezi mmoja tu nyuma. Maji yenye majivu na magogo yakawakuta mtoni, watoto wakiwemo. Nikisoma habari kama hizi naisikia sauti ya wazee wa Kondoa, tokeni mtoni, na najiuliza nani angewapigia kelele wale.

Serikali ya huku inapiga kelele. Simu zinalia kwa mlio mkali wa onyo. Tatizo ni kwamba onyo lile linakuja kwa Kiingereza na Kihispania. Mama wa Kibembe mwenye umri mkubwa, aliyebaki nyumbani na wajukuu, anasikia simu inalia kama imerogwa, anaizima. Baadhi yetu tumeanza kurekodi sauti kwa Kiswahili na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp ya makanisa na misikiti: leo alasiri makorongo yanajaa, msitoke, barabara fulani imefungwa, zungukeni. Ni msaada, lakini hatuwafikii wote, na sauti ya mzazi inafika mahali ambapo sauti ya dereva haifiki.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasomaji ni hili. Mnapowapigia watoto wenu msimu huu, msiulize joto tu. Waambieni kwamba maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinatosha kubeba gari dogo. Waambieni kizuizi cha barabarani hakikuwekwa kwa ajili ya wageni wajinga. Kimewekwa na mtu aliyeona maji mlimani ambayo wao hawajayaona. Kazini akichelewa, apige simu aseme korongo limejaa. Waajiri wengi wa huku wanaelewa, na asiyeelewa si wa kumfia.

Kama mna mzazi mtu mzima huku, muulizeni pia nyumba yake inapozwa na nini. Nyumba nyingi za bei nafuu zina kipoza hewa cha maji, yaani feni inayovuta hewa kupitia pedi zilizoloa. Juni, hewa ikiwa kavu, kinafanya kazi vizuri sana na umeme wake ni kidogo. Julai unyevu ukiingia, pedi hazikauki, nyumba inakuwa na joto la mvuke na usiku haupoi. Wazee wanavumilia kimya kwa sababu kifaa kinazunguka na kinatoa upepo, wanadhani ndivyo kilivyo. Jiji hufungua maktaba na vituo vya jamii kwa ajili ya watu kupumzika mahali penye kiyoyozi, bila malipo. Waende. Hakuna atakayewauliza wamefuata nini.

Nisije nikaeleweka kwamba naichukia mvua hii. Tunaingoja kama mnavyoingoja masika. Watohono O'odham, wenyeji wa jangwa hili tangu zamani, huchuma matunda ya mdungusi mrefu uitwao saguaro mwishoni mwa Juni, wakatengeneza kinywaji cha kuiombea mvua, na mwaka wao mpya unaanza na mvua hizo. Walilima maharage yao pale makorongo yanapofunguka bondeni, ili mafuriko yapunguze nguvu na kunywesha shamba, na wapo wanaolima hivyo hadi leo. Baada ya mvua ya kwanza, vyura waliolala chini ya udongo karibu mwaka mzima wanatoka wakipiga kelele usiku kucha, na kuna kichaka kinachotoa harufu ambayo abiria wangu wote hufungua dirisha kuivuta. Wenyeji hao wa jangwa waliishi na maji ya ghafla kwa karne nyingi kwa sababu walijua yanatokea wapi na wakakaa kando yake.

Kwenu gazetini nina ombi pia. Mnapoandika habari za hali ya hewa ya nchi za mbali, msiishie kwenye idadi ya waliokufa. Elezeni mvua ilianzia wapi na maji yalipita wapi. Msomaji wa Same, Isiolo au Kondoa atalitambua korongo lake humo, maana maji ya ghafla yanawachukua watu hata huko, tena wakiwa ndani ya magari. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari kwa Kiswahili kizuri. Zichapeni ukurasa wa mbele, siyo pembeni mwa matokeo ya mpira.

Na kama nafasi itapatikana, naomba barua hii itoke kabla ya Juni 15.

Wenu,
Dereva, mzaliwa wa Kondoa
Tucson, Arizona, Marekani